Nani Amechinja Mbuzi wa Matanga?

Wanangu mnaopika kwenye matanga na harusi za watu, kabla hamjawasha mbabula yenu, jiko la makaa, angalieni kwanza nani anawaangalia. Kuna mmoja. Siku zote kuna mmoja. Amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta, anajifanya anatafuta kitu kwenye simu, kumbe jicho liko kwenye mfuko wenu wa chumvi. Huyo ndiye wa kumpikia. Wengine watakula tu.

Mimi ni Mama Odila wa Kamalondo. Nimepika kwenye vilio vya mji huu wa Lubumbashi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote, mpaka magoti yalipokataa kuinama mbele ya moto. Baba yangu alitoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi ya reli, akatubatiza sisi wote Wakatoliki, na Mkatoliki nitazikwa. Nitajaribu kuwaandikia Kiswahili cha shule, kile masista walichotufundisha. Lakini watu wakianza kusema, nitawaacha waseme kama kwetu, maana sijawahi kuona mtu wa Kamalondo akigombana kwa Kiswahili cha shule.

Mjukuu wangu anafanya kazi hii sasa, anaiita traiteur. Ana kofia nyeupe, ana glovu, na chakula chake anakifunga kwenye barketi za plastiki, kila mgeni na yake, kibandiko juu: hakuna nguruwe, mboga tu, nyama ya bisimila. Juzi alinicheka, mimi bibi yake, kambo yake kama tunavyosema.

"Kambo, shida yenu ya zamani ilikwisha. Kila muntu anachukua barketi yake, anakula, hakuna maneno."

"Na macho? Banaangalisha wapi?"

"Macho ya nini, Kambo?"

Basi ndiyo maana nimechukua kalamu. Huyu mtoto anapika vizuri kunishinda, nasema kweli, lakini bado hajui anapikia watu gani.

Aliyenifundisha mimi ni Mama Kapinga, mwanamke wa Kasai, Mprotestanti, mfupi, mwenye mdomo. Siku ya kwanza alinikuta nimeweka mbabula nyuma ya nyumba, mahali penye kivuli, nikaona nimefanya akili. Alinivuta kwa kitenge mpaka katikati ya uwanja, penye jua na watu.

"Hapa njo unapika. Na kifuniko utoe. Ukifunika sufuria, bantu banapika yabo mu kichwa."

Tangu siku hiyo nilipika mchana kweupe. Mafuta niliyafungua mbele ya watu, mchuzi niliuonja nikiwa nimesimama ili kila mmoja aone mdomo wangu unafanya kazi. Mnacheka? Chekeni tu. Mjini kwetu mtu hafi hivi hivi. Daktari anaweza kusema ni sukari, ni presha, ni ini, lakini jamaa wakirudi nyumbani wanaulizana kwa sauti ndogo, "Alikula wapi mara ya mwisho?" Kwa hiyo mpishi wa matanga anaingia kwenye nyumba ambayo chakula tayari kina kesi.

Weka juu yake dini. Lo! Mwadventista atakuja ainame juu ya sufuria, atauliza kama samaki alikuwa na magamba. Mkimbangu atauliza kama kijiko kiligusa nguruwe. Shahidi wa Yehova atauliza damu ilimwagwa wapi. Mwislamu atauliza nani amechinja, na huyo hataki jibu la haraka, anataka jina. Halafu Wakatoliki wenzangu, ambao hawaulizi kitu, wanakula kila kitu, wanakunywa kila kitu, na wakifika nyumbani wanasema chumvi ilikuwa kidogo.

Mimi mwenyewe sikuwa malaika katikati yao. Nilikuwa namshuku kila aliyeuliza, na aliyenyamaza nilimshuku mara mbili. Ila nilijifunza kujibu. Visu vya nguruwe nilivifunga kitambaa chekundu na viliishi kwenye mfuko wake peke yake. Kambale sikumpika tena kwenye kilio, tangu Mama Kapinga alipomchanganya na samaki wengine na mzee mmoja Mwadventista akakuta kipande cha ngozi laini mdomoni. Yule mzee hakutukana. Alisimama akaimba wimbo wa toba mbele ya wageni wote, beti zote, na kipande amekishika mkononi. Mama Kapinga alitaka ardhi ipasuke.

Na nyama nilimwachia Muzee Salumu. Huyu alikuwa Mwislamu wa Kamalondo, wazazi wake walitoka Maniema, mchinjaji wa kazi. Alikuja na kisu chake, akasema neno lake, akamkata mbuzi, akanywa chai, akaenda. Hiyo ndiyo tuliita nyama ya bisimila. Akichinja Salumu, uwanja mzima unakula. Miaka na miaka Wakristo wa mtaa huu walikula nyama ya mkono wake, mapadri pia, na sijaona hata mmoja aliyeamka asubuhi amesahau Baba Yetu.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi dini zote ni moja. Mtu akiniambia hivyo, mimi nahesabu vijiko vyangu, nione kama hajaniibia. Walituita siku moja kwenye ukumbi fulani, semina ya kuishi pamoja, mabango mazuri, mashehe, mapadri, wachungaji, na mimi nikaletwa nipike. Wenye semina walikuwa wamepanga meza tatu na vikaratasi juu: Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu. Walihubiri umoja asubuhi nzima. Saa ya kula ilipofika, wote walikimbilia meza ya Waislamu kwa sababu ilikuwa karibu na kuku. Padri mmoja alinisifu kwenye kipaza sauti kwamba mimi ni mfano wa kiasi katika imani. Nikajiuliza huyu anataka nini. Alitaka nimfungie paja la kuku aende nalo.

Kiasi, mimi nilikijua kama kazi ya mikono. Unajua kile wewe usichoweza kula, unajua kile jirani asichoweza kula, unapika kitu ambacho mtaketi wote. Hakikuhitaji mabango.

Halafu yakaja makanisa ya uamsho, kila kona lake. Siyatukani, nusu ya wajukuu wangu wanaimba humo. Lakini baadhi yao walianza kufundisha kwamba nyama iliyotajiwa jina lingine inamfunga Mkristo anayeila. Haya mambo ya nyama na jina lililotajwa juu yake yaliwasumbua hata Wakristo wa kwanza kabisa, siyo sisi tulioyaanza. Ila kwetu yaliingia kwenye nyumba ambazo tayari watu wanaulizana marehemu alikula wapi. Hapo ndipo yalipokuwa mabaya, na hapo ndipo nataka kuwafikisha.

Papa Kalenga alikuwa seremala wa mtaa wetu, Mkatoliki mwenzangu, mtu wa utani. Alizaa watoto wengi, lakini hadithi hii ni ya wawili. Wa kwanza ni Jedeoni, mchungaji wa kanisa la uamsho. Wa mwisho ni Solange, aliyeolewa na Mwislamu, akasilimu, akawa Zaina. Baba yake alimwita Sola mpaka mwisho, na yeye aliitika. Papa Kalenga alipougua, Zaina ndiye aliyemlisha. Kila siku alitoka kwake na sahani imefunikwa na kitambaa, akapita mtaa mzima hadi kwa baba yake. Imefunikwa, wanangu. Mtaa mzima uliiona.

Mzee alipokufa, maneno hayakungoja jeneza.

"Alikuwa anakulaka ya nani?"

"Ya Zaina."

"Aah. Kumbe."

Kwenye kanisa la Jedeoni mama mmoja aliota ndoto kwamba kifo kilipita kwenye chakula cha dini ya kigeni. Jedeoni hakuikubali ndoto ile mbele ya watu, lakini hakuikataa pia. Mimi nilimtazama wakati wa mazishi, nikaona hamsogelei dada yake. Moyoni nilisema, huyu anapanga jambo.

Siku ya kumaliza matanga alinikuta asubuhi ninachagua mchele, anamvuta mbuzi kwa kamba.

"Mama Odila, mbuzi njo hii. Muzee Salumu asikuye hapa. Shemasi wangu njo atachinja, na tutaiombea kwa jina ya Yesu."

"Na dada yako atakula nini?"

"Kama iko mutoto ya baba, atakula kama batoto bengine."

Hapo nikasimama. Lazima niwaeleze, maana nyinyi wa barketi hamkuyaona haya. Kwenye familia nyingi za kwetu, siku ya kumaliza matanga, kabla mgeni hajagusa kitu, watoto wa marehemu wanaketi kuzunguka beseni moja la bukari, ugali wetu, na kitoweo, wanakula mbele ya watu wote. Mkubwa wa upande wa baba anakaa pale, anaangalia. Mtoto asiyekula, wanasema ana neno na maiti. Hakuna hakimu, hakuna polisi. Wanasema tu, na wakishasema, huyo mtu hana tena nyumba ya baba ya kurudi. Watoto wake wataitwa watoto wa mlozi mpaka wazeeke.

Kwa hiyo angalia vizuri. Zaina hawezi kula mbuzi aliyechinjwa na shemasi. Asipokula, ile sahani aliyokuwa anaifunika kwa kitambaa imepata jibu. Nilimwangalia Jedeoni nikajiuliza kama anajua anachofanya. Nikaamua anajua. Mchungaji, mtoto wa mtaa huu, atakosaje kujua? Nilikasirika mpaka mchele ukanimwagika.

Nilimkimbilia Muzee Salumu kwake. Nilidhani ataudhika kwa kukatazwa kuja. Aliendelea kunoa kisu chake, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Odila, samaki nani anaichinjaka?"

"Hakuna."

"Sasa unalilia nini?"

Nilienda soko mbio. Wachuuzi walikuwa na samaki wabichi wa Kasenga, gari lao lililala Kasomeno kwa sababu ya barabara, lakini barafu ilikuwa bado haijayeyuka. Nilichagua wenye magamba makubwa, magamba ya kuonekana kutoka mbali, nikawaparua katikati ya uwanja, kila mtu aone. Yule mmoja wa siku zote, safari hii mama kwenye kiti cha plastiki, alisogeza kiti karibu. Nikampa kichwa cha samaki akishike mwenyewe. Mbuzi nilimwachia shemasi, nyama ya wageni. Shemasi aliomba kwa muda mrefu sana hata mbuzi akachoka kuogopa, akaanza kula kamba.

Alasiri, hema limejaa, Baba Mukubwa Numbi, kaka wa marehemu, aliketi kwenye kiti chake na fimbo. Watoto wakaketi. Zaina alikaa mwisho, ushungi wake umevutwa hadi kwenye nyusi. Nilileta beseni, nikaliweka. Jedeoni akaangalia ndani.

"Mama Odila, nyama iko wapi?"

"Nyama ni ya bageni, pasteri. Batoto banakula samaki."

"Nani alisema?"

"Mupishi njo anasema. Samaki ya Kasenga, baba yako aliipendaka."

Zaina aliinua macho, akaniangalia mara moja, akayashusha. Mabega yake yalishuka. Nilifurahi, wanangu, nilifurahi mpaka nikataka kupiga kigelegele kwenye kilio cha watu.

"Mukubwa njo anaanzaka," akasema Baba Mukubwa.

Jedeoni hakunyoosha mkono. Mikono yake ilibaki juu ya magoti.

"Baba mukubwa, unisamehe. Mi siwezi kula. Niko mu kufunga."

Mzee akageuza sikio, kama hakusikia vizuri.

"Kufunga? Siku ya kumaliza matanga ya baba yako?"

"Nilimuahidi Mungu, mbele siku hazijapangwa."

Mimi nilisema moyoni: uongo. Anaogopa beseni langu. Ameona mtego wake umeharibika, sasa anakimbia. Na sikuwa peke yangu, maana kando ya ukuta sauti zilianza, mwanzo ndogo, halafu hazikujificha tena.

"Anaogopa nini mu ile sahani?"

"Njo yeye alimupakala baba mafuta ya kanisa, siku ya mwisho."

"Ile mafuta ilitoka wapi?"

"Na usiku ule nani alilala naye? Haiko pasteri?"

"Aah. Kumbe."

Lile "kumbe" nililijua. Lilikuwa lilelile la Zaina, sasa limehamia kwa kaka yake. Furaha yangu ilikatika pale pale, nikaanza kuogopa. Sikumtegea mtu, nilipika samaki tu, lakini kulikuwa na mtu ndani ya mtego. Jedeoni alijua pia. Jasho lilimtoka. Aliwaangalia watu wa kanisa lake waliosimama karibu na lango, hakuna aliyesema neno la kumtetea. Baba Mukubwa alisimamisha fimbo yake chini.

"Jedeoni. Mutoto yenye hakule, bantu batasema. Unajua."

"Najua, baba mukubwa."

"Kula basi."

"Niliahidi."

Ndipo Zaina akamsemea yaya wake, yaani kaka yake mkubwa. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu wanyamaze waisikie.

"Baba mukubwa, yaya iko anafunga ya kweli. Asubui nilimuletea chai na mukate, akakatala. Jana pia alikatala. Nilizania anakatala juu ni mi njo nilimuletea." Akageuka kumtazama kaka yake. "Lakini muangalie midomo yake. Shi Baislamu, kufunga tunaijua. Muntu mwenye kudanganya hana midomo ya vile."

Wote wakaangalia. Mimi pia niliangalia, na kweli, midomo ya Jedeoni ilikuwa imepasuka, nyeupe pembeni. Mpishi mzima nilikuwa nimepita mbele yake tangu asubuhi na sikuiona, kwa sababu nilikuwa natafuta kitu kingine usoni mwake.

"Muache afunge," Zaina akasema. "Kama ni lazima fungu ya mukubwa ikulwe, nitakula yake na yangu. Kama kuna kitu mu ile samaki, ianze na mi. Kama kulikuwa kitu mu sahani ya baba, ianze na mi pia. Mi njo nilipika, na mi njo nilionja, kila siku, mbele ya baba."

Alinawa. Alikata tonge la bukari, akachovya kwenye mchuzi, akalishika juu kidogo.

"Hii ya yaya."

Akala. Akakata lingine.

"Hii yangu."

Akala hilo pia, polepole, akitazama ukuta mzima wa viti vya plastiki, na hakuna aliyeweza kumtazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Mimi nililia hapo hapo na mwiko mkononi, sioni aibu kusema. Mkatoliki, Mwislamu, Mprotestanti, sijui, nililia tu.

Baba Mukubwa alifungua mdomo aseme imetosha. Kabla hajasema, Jedeoni alijisogeza. Alitoka mahali pake pa mkubwa, akapita nyuma ya wadogo zake, akaja kuketi kando ya dada yake. Akavuta bakuli la maji.

"Yaya, usifungue juu yangu," Zaina akamwambia. "Uliahidi Mungu."

"Mungu nitaongea naye mangaribi," akasema Jedeoni. "Ye haiko na haraka ya bantu ba hapa."

Mtu mmoja akacheka, akaziba mdomo. Karibu na lango, wawili wa kanisa lake walitoka bila kuaga. Jedeoni aliwaona. Alinawa mikono yote miwili kwa muda mrefu, akakata tonge, akachovya pale pale alipochovya dada yake, akatia mdomoni.

Na mimi, wanangu, pamoja na machozi yote yale, bado nilikuwa mimi. Sikumwangalia uso. Nilimwangalia koo.

Alimeza.